Hulka ya Mfanyakazi na Uamuzi wa Kuacha Kazi

Utangulizi

Mfanyakazi anapoacha kazi, hasa kazi ya mshahara ambayo wengine wanaitamani, jamii humtafutia sababu papo hapo. Wazazi husema hana subira. Wenzake ofisini husema alikuwa na kiburi, au alikuwa na moyo wa chuma. Mwajiri naye huandika katika faili kwamba ameondoka kwa sababu za kibinafsi. Kauli hizi, licha ya tofauti zake, zinaafikiana katika jambo moja: zote zinachukulia kwamba tendo la kuacha kazi hufichua mtu alivyo.

Makala hii inanuia kufafanua ni kwa kiasi gani dai hilo ni la kweli. Inaanza kwa kueleza maana ya hulka, kisha inapambanua nia ya kuondoka na tendo lenyewe la kuondoka, na hatimaye inaonyesha mahali ambapo hulka huachia nafasi mambo mengine: tukio, wajibu wa kifamilia, madeni na sheria. Suala hili si la wataalamu wa uajiri peke yao. Katika nchi ambayo wahitimu wengi wa vyuo vikuu husaka ajira kwa miaka kabla ya kuipata, kijana anayeiacha huhukumiwa vikali, na hukumu hiyo humfuata katika vikao vya familia na katika barua za mapendekezo. Iwapo hukumu ina kasoro, basi kuna mtu anayeadhibiwa bure.

Hulka: Dhana Iliyochimbuka Kamusini

Hulka ni jumla ya mielekeo ya kufikiri, kuhisi na kutenda ambayo humtambulisha mtu na ambayo haibadiliki ovyo kutoka siku moja hadi nyingine. Aliyeamka na hasira leo si lazima awe mtu wa hasira. Lakini anayeghadhabika kila anapokosolewa, mwaka nenda mwaka rudi, amekwisha kuionyesha hulka yake.

Jambo linaloweza kumvutia mwanafunzi wa lugha ni kwamba elimu ya kisasa ya hulka ilianzia katika kamusi. Mwaka 1936, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, waliipitia kamusi kubwa ya Kiingereza na kuorodhesha takriban maneno 18,000 yanayoweza kutumiwa kumtofautisha mtu mmoja na mwingine. Mantiki yao ilikuwa nyepesi: sifa ambazo ni muhimu katika maisha ya watu huishia kupewa majina. Watafiti waliowafuata waliyapanga maneno hayo katika mafungu, na kufikia miaka ya 1980 wengi wao walikuwa wamekubaliana kuhusu mafungu makuu matano. Kwa Kiswahili yanaweza kuitwa uwazi wa fikra, uwajibikaji, uchangamfu, utangamano na utulivu wa hisia.

Kila fungu ni mfano wa mizani wala si kisanduku. Hakuna mtu ambaye ni mchangamfu tu au mkimya tu. Watu wengi huwa katikati, wachache wakiegemea upande mmoja. Kiswahili nacho kina utajiri wa maneno ya kujaza mizani hizi. Uwajibikaji una mwenye bidii upande mmoja na mzembe upande wa pili. Utangamano una mpole na mkarimu, kisha mkaidi na mwenye kinyongo. Utulivu wa hisia una mtu wa makini na mtu mwenye wahaka. Uchangamfu una mcheshi na msununu, na uwazi wa fikra una mdadisi na yule asiyetoka nje ya aliyoyazoea.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mpangilio huu ulitokana zaidi na watu wa nchi zenye viwanda na elimu ya darasani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watsimane wa Bolivia, jamii inayotegemea kilimo kidogo na uwindaji, haukuuthibitisha mgawanyo huo wa sifa tano. Kwa hiyo, sifa tano zichukuliwe kama chombo cha kufanyia uchunguzi wala si sheria ya maumbile isiyopingika.

Nia na Tendo

Kosa la kwanza katika mazungumzo ya kila siku ni kuchanganya anayetaka kuondoka na anayeondoka. Mwaka 1958, James March na Herbert Simon walieleza kwamba uamuzi wa mfanyakazi kuondoka hutegemea maswali mawili: je, anatamani kuondoka? Na je, ni rahisi kwake kuondoka? Mwaka 1977 William Mobley alionyesha kwamba baina ya kutoridhika na kuondoka kuna ngazi kadhaa. Mtu huanza kuwazia kuacha kazi, akapima faida na hasara, akatafuta kazi nyingine, akailinganisha na aliyo nayo, akaazimia, ndipo akaondoka. Wengi huishia katika ngazi ya pili au ya tatu na kukaa hapo miaka mingi.

Hapa ndipo mchango wa Ryan Zimmerman unapokuwa na thamani. Mwaka 2008 alichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia kuhusu hulka na uachaji wa kazi. Alibaini kwamba sifa inayotabiri vyema zaidi nia ya kuondoka siyo inayotabiri vyema zaidi tendo la kuondoka. Nia hutabiriwa zaidi na utulivu wa hisia: kadiri mtu anavyokuwa na wahaka, ndivyo anavyozidi kuwaza kuondoka. Tendo lenyewe hutabiriwa zaidi na uwajibikaji na utangamano: wenye kiwango cha chini cha sifa hizi ndio wanaoondoka zaidi.

Matokeo haya yanastahili kutafakariwa. Yanaashiria kwamba mfanyakazi anayelalamika kila asubuhi kuwa atajiuzulu si lazima awe ndiye atakayeondoka, na kwamba ukimya wa mwenzake si thibitisho kwamba atabaki.

Jinsi Kila Sifa Inavyotenda Kazi

Mwenye wahaka huyaona mabaya kabla ya mazuri. Tuseme wahasibu wawili wa afisi moja wameambiwa na mkuu wao kwamba taarifa yao ya mwezi ina makosa. Mwenye utulivu huirekebisha na kwenda zake chakula cha mchana. Mwenye wahaka hulala akiyakumbuka maneno yale na kujiuliza kama anachukiwa. Kazi ni ile ile, kauli ni ile ile, lakini mzigo ni tofauti. Zimmerman aligundua pia kwamba mtu wa namna hii anaweza kutaka kuondoka hata pale ambapo haichukii kazi yake na anaifanya vizuri. Huenda anakimbia dhiki ambayo ataikuta tena huko aendako.

Mwenye uwajibikaji hubaki kwa njia mbili. Kwanza, yeye hufanya kazi vizuri, na anayefanya kazi vizuri kwa kawaida hutambuliwa, hivyo huridhika. Pili, huuona mkataba kuwa ahadi. Hata anapoamua kuondoka, huwa amejipanga: ametafuta pengine, ametoa notisi, amemwonyesha anayempokea kazi mahali faili zilipo.

Mwenye utangamano hufungwa na watu. Kuondoka kwake kunamaanisha kuwaachia wenzake zamu zake, na hilo humkera kuliko mshahara mdogo. Kinyume chake, mtu mkaidi anapoudhika hana kubwa linalomzuia asitoke. Zimmerman alihitimisha kwamba wenye utangamano mdogo, pamoja na wenye uwazi mkubwa wa fikra, huenda wakaondoka bila mpango wowote wa awali. Sababu zao lakini hazifanani: mmoja husukumwa na ugomvi, mwingine huvutwa na jambo jipya.

Mdadisi huyu ndiye aliyemshughulisha Edwin Ghiselli mwaka 1974 alipoandika kuhusu wafanyakazi wanaohama kutoka kazi moja hadi nyingine bila sababu inayoeleweka. Aliulinganisha msukumo wao na ule unaowafanya ndege wahame. Mwaka 1995, Timothy Judge na Shinichiro Watanabe waliichunguza hoja hiyo na kupata ushahidi kwamba waliowahi kuacha kazi nyingi huelekea kuacha tena. Uchangamfu, kwa upande wake, hauna athari kubwa ya moja kwa moja.

Sifa hizi pia hazitendi kazi zikiwa peke yake. Hutegemea mahali zilipowekwa. Mwaka 1987 Benjamin Schneider alitoa hoja kwamba taasisi huvutia watu wa aina fulani, huwachagua wanaofanana nao, na wasiooana na wengine huishia kuondoka. Kwa mtazamo huu, anayeondoka si lazima awe mwenye hulka mbaya. Ni mwenye hulka isiyooana na pale alipo. Mdadisi atachoka katika masjala ambamo barua hupigwa mihuri vile vile kila siku, ilhali mwenzake anayependa utaratibu atastawi humo humo. Schneider aliongeza onyo: taasisi inayowapoteza wote wasiofanana na wengine hubakia na watu wa namna moja, na hushindwa kubadilika nyakati zinapobadilika.

Tukio Linapotangulia Hulka

Mwaka 1994 Thomas Lee na Terence Mitchell walipinga fikra kwamba kila anayeondoka huwa amepitia ngazi za kutoridhika. Walionyesha kwamba wengi huondolewa na tukio, ambalo waliliita mshtuko: ujauzito, kuugua kwa mzazi, barua ya kazi kutoka kwingine, au agizo linalokiuka dhamiri. Walieleza njia nne. Katika ya kwanza, mtu alikuwa na mpango tayari na tukio likauamsha. Katika ya pili, tukio linagongana na maadili yake kiasi kwamba anaondoka bila kuwa na kazi nyingine. Katika ya tatu, tukio humfanya alinganishe aliyo nayo na aliyoitiwa. Ni katika njia ya nne pekee ambapo chuki dhidi ya kazi hujijenga polepole.

Historia ya Kenya ina mifano inayofahamika. Mwaka 1969 Ngũgĩ wa Thiong'o alijiuzulu kazi ya uhadhiri Nairobi akipinga kubanwa kwa uhuru wa kitaaluma. Mwaka 1982 Wangari Maathai alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee kiti cha bunge. Alizuiwa kugombea, na alipotaka kurejea chuoni hakupokelewa. Akapoteza na nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi.

Mtu anaweza kushawishika kueleza maamuzi hayo mawili kwa neno moja la hulka, kama vile ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, lakini hautoshi. Bila tukio la 1969, mhadhiri yule hangekuwa na jambo la kujiuzulia mwaka ule. Na Maathai hakuacha kazi kwa kuichoka, bali kwa kuwa alihitajika kuiacha kwanza ndipo agombee. Aliyemtazama mwaka 1982 angeweza kusema amefanya pupa. Aliyemtazama mwaka 2004, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, angesema aliona mbali. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni matokeo, na matokeo si kipimo cha hulka.

Mizizi Inayomshikilia Mfanyakazi

Iwapo tukio humtoa mtu, kuna mambo yanayomshika asitoke. Mwaka 2001 Mitchell na wenzake waliyaeleza kwa mambo matatu: mahusiano ya mtu kazini na anapoishi, jinsi anavyooana na mahali hapo, na hasara atakayopata akiondoka. Mambo haya yanaweza kufananishwa na mizizi.

Mazingira ya Kenya yanaidhihirisha mizizi hii barabara. Mfanyakazi aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo kwa kawaida hudhaminiwa na wenzake wa kazini. Akiacha kazi na makato ya mshahara yakome, wadhamini ndio watakaodaiwa. Anayetafutiwa kazi na mjomba wake hawezi kuiacha bila kumwaibisha mjomba mbele ya aliyempokea. Kifungua mimba anayewalipia wadogo zake karo hupiga hesabu za mihula kabla ya kupiga hesabu za furaha yake. Watu wa hulka tofauti kabisa wanaweza kuonekana kuwa na subira sawa kwa sababu tu wamefungwa kamba moja.

Kubaki, basi, nako ni uamuzi, na si lazima kuwe dalili ya kuridhika. Shaaban Robert aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1926 na akaitumikia katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30, akiandika sambamba na kazi hiyo. Atakayesema kwamba alibaki kwa kupenda utumishi, au kwa kukosa uthubutu, atakuwa amelisoma jambo lenye sababu nyingi kama kwamba lina sababu moja.

Methali na Hukumu ya Jamii

Hekima ya Kiswahili haikuliachia suala hili upande mmoja. Wazee husema mvumilivu hula mbivu, na subira huvuta heri. Husema pia mkaa bure si sawa na mtembea bure, na mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Jozi ya kwanza inamsifu anayebaki. Jozi ya pili inamsifu anayetoka kutafuta. Baadhi ya wasomaji huuona huu kuwa ukinzani. Ukweli ni kwamba methali huhitaji muktadha ili itoe maana kamili: mwenye kuitumia ndiye anayeamua ipi inafaa wapi.

Tatizo huzuka jamii inaposhika jozi moja na kuisahau nyingine. Kijana anayeacha kazi husomewa methali za subira hata pale ambapo embe analongojea halitaiva kamwe.

Hatari ya Kumwachia Mfanyakazi Lawama Zote

Baadhi ya waajiri huwapa watahiniwa wa kazi dodoso za hulka kwa matumaini ya kuwaepuka watakaoondoka mapema. Kuna jambo la kuzingatiwa hapa. Uhusiano baina ya hulka na uachaji wa kazi ni wa kweli, lakini ni wa wastani. Huonekana watu wengi wanapochunguzwa kwa pamoja. Haumwezeshi yeyote kutabiri kwa yakini atakalofanya mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Aidha, dodoso hujazwa na mtu anayeitaka kazi, naye anajua vyema majibu yanayopendeza.

Hatari kubwa zaidi ni hulka kutumiwa kama kisingizio. Idara inayopoteza wafanyakazi 6 kwa mwaka chini ya mkuu mmoja haina sababu ya kuchunguza hulka za sita hao kabla ya kumchunguza mkuu wao. Sheria ya Kenya yenyewe inatambua kwamba si kila kujiuzulu hutokana na hiari. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mwajiri anaweza kuyafanya mazingira ya kazi yasivumilike kiasi kwamba kujiuzulu kwa mfanyakazi kuhesabiwe kuwa amefutwa. Katika hali kama hiyo, kuuliza iwapo mfanyakazi ana subira ni kuuliza swali lisilo mahali pake.

Kwa anayeondoka kwa hiari, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unadai muda mrefu zaidi, au hulipa fidia badala ya notisi. Naye mwajiri anawajibika kumpa cheti cha utumishi iwapo alihudumu kwa wiki nne au zaidi. Utaratibu huu humfaa hasa yule ambaye hulka yake humsukuma kutoka ghafla, kwa kuwa siku 28 zinatosha kwa hasira kupoa na kwa uamuzi kupimwa upya.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba hulka huchangia uamuzi wa kuacha kazi, lakini haiufanyi peke yake. Wahaka huzaa nia. Uhaba wa uwajibikaji na wa utangamano hurahisisha tendo. Udadisi huweza kumtoa mtu bila mpango. Baina ya nia na tendo huingia tukio, madeni, jamaa na sheria, na mara nyingi haya ndiyo yanayoamua.

Wanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba mhusika hajulikani kwa tendo moja, na kwamba anayetaka kumweleza sharti aangalie alichosema, alichofanyiwa na mahali alipowekwa. Uangalifu huo wanaopewa wahusika wa riwaya ndio unaostahili kupewa jirani aliyeacha kazi mwezi uliopita. Kabla ya kumwita asiye na subira, inafaa kuuliza alikuwa akisubiri nini, na kama kilikuwa njiani. Kwa anayefikiria kuondoka naye, swali lenye manufaa ni moja: je, kinachomkera kitabaki ofisini akitoka, au atakibeba kwenda nacho? Akibaini kwamba kitabaki, notisi yake ina sababu. Akibaini kwamba atakibeba, kubadilisha mwajiri hakutamtibu.